Kadi Yenye Pete Mbili

Mimi sipendi kutakiwa heri. Ukiniambia unanitakia kila la heri naitikia asante, kwa sababu nililelewa, lakini moyoni nauliza: heri gani hiyo, na nani kakuambia ndiyo ninayoitaka? Walimu wenzangu wananiona mkavu. Mwezi wa kumi ukifika na watoto wa darasa la nane wakaanza kunizunguka na kadi zao, "Mwalimu, niandikie neno," nawafukuza. Nawaambia nina madaftari ya kusahihisha. Msichana mmoja alilia. Na mimi nililia, ila nilienda kulilia chooni, nikanawa uso, nikarudi darasani.

Tulikuwa na duka Kitengela, miaka ile ya tisini, kabla mji haujafura. Tulikuwa tumetoka Kiambu nikiwa bado sijaanza shule. Kitengela yenyewe ilikuwa barabara ya lami, maduka ya mabati pande mbili, na nyuma ya maduka mbuga tupu, nyumbu na ng'ombe wakila pamoja. Udongo wake mweusi ndio ule unaokauka ukapasuka, halafu mvua ikinyesha unakuvua viatu. Mama aliuza kila kitu: unga, mafuta ya taa, blanketi nyekundu za Wamasai, vitabu vya kuandikia. Na alikuwa na sheria moja ambayo ungeivunja ukaona moto: neno "hakuna" halitamkwi dukani. Mtu akitaka sabuni ya bluu na imeisha, mpe nyeupe. Akitaka majani ya chai ya pakiti kubwa, mpe ndogo tatu. "Mteja akitoka mikono mitupu leo," Mama alikuwa akisema, "kesho anapita nje anaangalia upande mwingine kama hakujui." Kwa hiyo mimi nilikua nikijua kwamba kila kitu kina kitu cha karibu nacho, na kwamba mtu asiyejua kusoma hutambua mfuko kwa rangi tu.

Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ulikuwa msimu wa kadi. Wale waliosoma Kenya wanajua. Ukiwa mtahiniwa, kila mtu anakuletea kadi ya kukutakia ufaulu: shangazi, kanisa, jirani, hata kinyozi. Kadi zilikuwa na picha za vitabu, mwenge, kofia ya chuo kikuu, nyingine ukifungua zinaimba mpaka betri ife. Watoto walihesabiana kadi kuliko walivyohesabiana maksi. Mtoto wa kadi tatu alikuwa mtu wa kuhurumiwa.

Mwaka niliokuwa darasa la nane, mimi ndiye niliyekuwa nikiwaandikia kadi watu wasiojua kuandika. Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua hivyo, wacha nisijifanye. Herufi zangu zilikuwa na mikia. Wazazi kutoka maboma ya mbali walikuja wakisimama kwenye kaunta, wananiambia la kuandika, mimi naandika kwa kalamu ya rangi ya bluu, ile ya wino wa maji, ambayo ukiigusa na kidole kibichi inafifia. Nilijisikia kama karani wa wilaya.

Sasa, msichana niliyekaa naye dawati moja. Alikuwa Mmasai, mrefu, meno meupe, mcheshi hatari. Alinifundisha kutukana kwa Kimaa na mimi nikamfundisha kwa Kikuyu. Alikuwa namba moja darasani kuanzia darasa la tano. Mimi nilikuwa namba mbili kuanzia darasa la tano. Kila muhula mwalimu mkuu akisoma majina, moyo wangu ulikuwa unapiga kama ngoma ya Jeshi la Wokovu, halafu namba moja ni yeye, na mimi napiga makofi. Nilimpenda. Haki ya Mungu nilimpenda. Na kila usiku nilipopiga magoti kando ya kitanda niliomba jambo moja, awe namba mbili. Si kwamba apatwe na kitu. Namba mbili tu.

Yeye alikuwa na shida ambayo mimi sikuwa nayo. Baba yake alikuwa ameshamkubalia mzee mmoja mwenye pikapu nyeupe amwoe. Blanketi zilishaletwa, asali ilishaletwa, watu walishakaa wakanywa. Aliyesimama katikati ni nyanya yake, mama wa baba, ambaye sisi sote tulimwita Koko, kwa sababu ndivyo Wamasai wanavyomwita nyanya. Koko alimwendea mwanawe, akamwambia mtoto huyu haendi popote kabla hajafanya mtihani. Akifaulu, anaenda sekondari. Akianguka, basi, pikapu ije Desemba. Baba akakubali, maana nani atabishana na mama yake mbele ya watu? Lakini alikubali kwa mdomo uliokunjwa. Rafiki yangu alinisimulia haya yote tukila maembe mabichi na chumvi nyuma ya choo cha shule, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akifanya mzaha.

"Wakibadilisha nia hawataniambia," alisema. "Watakuja tu. Dada yangu walimchukua hivyo. Alikuwa anafua nguo."

"Lakini Koko yuko upande wako."

"Koko ndiye pekee. Siku Koko akigeuka, nitajua kumekwisha."

Nakumbuka maneno hayo vizuri sana. Ningekuwa nimeyasahau ningekuwa na kisingizio.

Koko alikuja dukani wiki moja kabla ya mtihani. Mvua kubwa ya mwaka ule ilikuwa imeanza, ile iliyokuja ikakataa kwenda. Mara ya kwanza watu waliishangilia. Baada ya siku kumi waliacha kusema lolote, wakawa wanatazama mabati tu. Barabara mbele ya duka ilikuwa uji mweusi. Koko alikuwa ametembea tangu asubuhi, shuka zimemganda mwilini, matope mpaka magotini. Alisimama kwenye kaunta akihema, maji yakimtiririka kwenye masikio yale marefu yenye shanga.

"Takwenya, Koko," nikamwamkia.

"Iko," akaitikia, halafu akaja kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Mtoto yangu iko mtihani. Nataka kadi. Ile ya mtihani. Wewe andika."

Nikageuka kwenye rafu. Kadi za mtihani zilikuwa zimeisha. Asubuhi ile mzee wa kanisa alikuwa amezibeba zote. Zilizobaki zilikuwa za Krismasi, na moja ya harusi: pete mbili za dhahabu zimeshikana, njiwa juu, utepe mweupe. Ndani iliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za kujipinda, kuwatakia bwana na bibi maisha marefu ya ndoa.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la Msomali, na alikuwa nazo. Nilikuwa nimeziona jana yake, zimening'inizwa kwenye uzi kama nguo. Ningevuka. Ningemwambia Koko, ngoja kidogo, nakuja. Lakini kulikuwa na ule uji mweusi wa kuvuka, na Mama alikuwa upande wa nyuma akipima sukari, masikio wazi, na neno "hakuna" halitamkwi. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Ya tatu siijui vizuri hadi leo, au naijua sana. Ilikuwa sauti ndogo iliyosema: kwani ni lazima yeye apate kila kitu kizuri?

Nikatoa ile ya pete. Koko akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza juu chini, akatabasamu, akagusa dhahabu kwa ukucha.

"Mzuri," akasema. "Inang'aa."

Hebu nisimame hapo kidogo, maana nikifika hapo huwa naona joto usoni. Mwanamke yule alitembea kilomita sijui ngapi kwenye matope kwa ajili ya kadi, na mimi mtoto wa darasa la nane mwenye mwandiko wa mikia nikamuuzia pete. Nilijiambia rafiki yangu ataelewa, atacheka, ataniita mjinga. Sisi tulikuwa watu wa kuchekana.

"Niandike nini, Koko?"

Akafumba macho. Alianza kwa Kimaa, polepole, kwa sauti ya kuimba, halafu akanitafsiria. Mungu akunyeshee mvua. Mungu akupe ng'ombe. Akupe watoto, wakujaze nyumba. Unuke vizuri kama majani mapya. Na kila alipomaliza sentensi alinyamaza akinitazama, mpaka nikakumbuka desturi, nikasema "Naai", ndiyo amina yao. Sasa kila mtu aliyeishi Kajiado anajua hivyo ndivyo Wamasai wanavyobariki. Ukienda safari, ng'ombe na watoto. Ukipona ugonjwa, ng'ombe na watoto. Hata mwalimu wetu wa hesabu alipopata uhamisho alitakiwa ng'ombe na watoto, na alikuwa padri wa Kikatoliki. Ni namna ya kusema mema. Ikisemwa kwa Kimaa, mdomoni, hakuna anayeishtukia. Lakini mimi niliiandika kwa Kiswahili, kwa bluu, chini ya bwana na bibi.

Mwisho akaongeza, "Sema, hii ni ya mtihani. Apite mtihani yake."

Nikaandika, mstari wa mwisho: *katika mtihani wako.* Niliandika, na hilo nalidai.

Koko akaichukua kadi ikiwa wazi, akaisogeza karibu na mdomo, akaitemea mate. Si mate ya dharau, jamani. Ni ule mnyunyizo mwepesi, pu, pu, ambao wazee wao wanakutemea kichwani ukiwa mtoto, na ukikosa hujabarikiwa kamili. Matone yakaangukia ule mstari wa mwisho. Wino ukaanza kutambaa. Nikaona neno "mtihani" likivimba na kuota miguu, na mimi, mbio mbio, kabla halijaharibu mengine, nikalipangusa kwa kidole gumba. Likatoka lote. Pakabaki wingu la bluu lenye alama ya kidole changu, kati ya *katika* na *wako*.

Nililiona. Kalamu ilikuwa mkononi, nafasi ilikuwapo, mvua ilikuwa inapiga mabati, na mteja mwingine alikuwa anagonga kaunta akitaka kiberiti. Nikaifunga kadi nikaitia kwenye bahasha. Koko akanikabidhi nimpelekee, kwa sababu watahiniwa wa shule yetu waliotoka mbali walikuwa wanalala bwenini mpaka mtihani uishe, na yeye na matope yale asingeweza kufika huko na kurudi kwake kabla ya giza.

Ijumaa ilikuwa siku ya maombi. Wazazi wachache waliofika walisimama kwenye veranda na miavuli. Pasta akatuambia tuinue kalamu na rula zetu, akaziombea, sauti yake ikishindana na mvua. Tulikuwa arobaini na kitu, mikono juu, kalamu zimeelekezwa mbinguni, na nje maji yalikuwa yamefika kwenye nguzo ya goli. Mwalimu mmoja alinong'ona kwamba mto umepanda mpaka kwenye daraja. Halafu kadi zikagawiwa. Mimi nilipata kumi na sita. Rafiki yangu alikuwa na nne, na mimi nikamletea ya tano.

Akaifungua. Aliangalia pete kwanza. Alitabasamu nusu, kama mtu anayengoja mwisho wa kichekesho. Akasoma ndani. Tabasamu likabaki pale pale mdomoni likiwa halina kazi.

"Hii imetoka kwa Koko?" akaniuliza.

"Eee."

"Yeye mwenyewe alikwambia uandike hivi? Watoto na ng'ombe?"

"Yeye mwenyewe."

"Kwa mdomo wake?"

"Si nimekwambia? Kwa mdomo wake."

Hakuna hata moja lililokuwa uongo. Akanitazama machoni muda mrefu, mpaka mimi nikatazama viatu vyangu, kwa sababu ya lile wingu la bluu. Niliona aibu ya kidole changu. Halafu akanishika mkono, akaubana sana, akasema kwa sauti ya chini, "Asante." Nikashangaa, asante ya nini tena? Nikadhani ni ya kumletea.

Jumamosi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na yeye hayupo. Walimu walidhani ameenda kanisani. Jumapili baba yake alikuja shuleni na jembe begani na hasira usoni, akisema kama amefichwa na walimu atavunja mlango. Hakuwa amekuja kumchukua kwa ndoa. Alikuwa ameletewa habari kwamba hayupo, basi. Ahadi yake kwa mama yake ilikuwa bado inasimama. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwalimu mkuu: "Mimi nilikubali afanye mtihani! Nilikubali! Sasa mtanicheka?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya tangi la maji.

Mtihani ulianza Jumanne. Kila mtu alikuwa na dawati lake, namba imeandikwa kwa chaki. Lake lilikuwa mbele yangu kwa sababu namba moja hutangulia namba mbili. Msimamizi aliweka karatasi juu ya dawati tupu, akangoja, akaandika kitu, akaiondoa. Alifanya hivyo kwa kila somo, siku tatu. Na kila karatasi ilipoondolewa mimi nilisogeza shingo nikaanza kuandika, na niliandika vizuri, Mungu nisamehe, sijawahi kuwa na akili nyepesi kama siku zile. Nje maji yalikuwa yanapita chini ya dirisha na sauti yake, kama watu wengi wanaozungumza chumba cha pili.

Kisha habari ya mto ikaja. Wachungaji walisema wameona kitu chenye sare ya shule kikipelekwa na maji, chini ya daraja. Mwingine akasema ni gunia. Mwingine akasema ni ndama. Hakuna aliyeweza kushuka kuangalia, maji yalikuwa yanabeba miti. Nikaanza kuishi nikijua nimemuua. Sikula. Mama alinipeleka zahanati, wakasema ni malaria, nikameza dawa za malaria kwa ajili ya dhambi. Mara mbili nilimwendea Mama nimwambie, na mara mbili aliniuliza, "Unataka nini tena?" nikasema nataka maji.

Koko naye alikuwa anakuja. Kila siku mbili, tatu, anaujia mlango polepole na fimbo yake, anasimama pale pale kwenye kaunta. Mwanawe alikuwa ameacha kumsalimia. Alisema mama yake ndiye aliyemficha mtoto, ndiye aliyemvimbisha kichwa kwa shule. Hata maziwa alimkatia. Mama yangu alikuwa anampa chai na mkate, na yeye anakunywa amesimama.

"Ile kadi," aliniuliza. "Uliandika ile ya mtihani?"

"Niliandika, Koko."

"Aliona?"

"Aliona."

"Alifurahi?"

Ungejibu nini wewe? Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nikasema, "Alifurahi sana. Alisema asante." Na Koko akaweka kiganja chake cha mafuta na moshi juu ya kichwa changu, akanitemea, pu, pu, akanitakia mvua na ng'ombe na watoto. Nilisimama pale nikibarikiwa, nikitamani ardhi inimeze. Alikuja hivyo mpaka Januari. Halafu akaacha kuja. Mama aliuliza watu wa upande ule, wakasema mapafu, baridi ilimwingia kwenye matembezi yale ya mvua, akazikwa nyuma ya boma na watu wachache. Alikufa akidhani mtoto wake alienda na mto.

Matokeo yalitoka. Namba moja nilikuwa mimi. Mama alichinja kuku wawili, akapiga vigelegele mpaka Msomali wa ng'ambo akaja kuuliza kuna nini, akaniletea soda. Niliipata namba niliyoiombea. Niliila ile nyama ya kuku na ikakaa hapa, kifuani, kama jiwe.

Nilienda sekondari nzuri, nikaenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Kajiado. Somo langu ni Kiswahili. Sikuolewa, na watoto sina. Sisemi ni kwa sababu ya lolote. Nasema tu sina, na kwamba ukikaa peke yako jioni unaanza kuhesabu baraka ulizopewa na nani.

Mwaka wangu wa pili pale, siku ya kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, nilikuwa nimekaa nje na rejista mezani. Jua kali, vumbi. Wamama walikuwa kwenye mstari. Mmoja alifika mbele yangu, mrefu, shuka ya samawati, amemshika mkono msichana mdogo aliyeng'oka meno ya mbele. Alinitukana kwa Kikuyu, tusi chafu kabisa, kwa sauti ya upole.

Kalamu ilinianguka. Nilijua kabla sijainua uso.

Nilimkumbatia hadi mstari wote ukaanza kunung'unika. Nilikuwa nalia na kucheka, namgusa mikono, namgusa mabega, mzima, mifupa, nyama, mzima! Miaka kumi nilikuwa nimemweka chini ya daraja. Alikuwa anacheka. "We, wacha, watu wanaona! Kwani mimi ni mzuka?"

Mtoto akaenda kucheza, mwalimu mwenzangu akashika rejista, sisi tukakaa kwenye ngazi za darasa. Akanieleza. Siku ile ya Jumamosi alipanda lori la mboga lililokuwa linarudi tupu Illasit, mpakani na Tanzania, kwa dada wa mama yake. Yeye ndiye aliyemficha. Alilima vitunguu, akachuma nyanya, akakua. Aliolewa na kijana aliyemchagua mwenyewe, dereva, mtu mzuri, na sasa walikuwa wamehamia Kajiado kwa kazi yake. Shule hakurudi tena. "Nilikuwa nataka kuwa daktari, unakumbuka? Sasa nadunga ng'ombe sindano, ni hapo hapo." Akacheka. Mimi sikuweza.

"Nilisikia uko hapa," akasema. "Nikamwambia bwana yangu, mtoto haendi shule nyingine. Anaenda kwa yule."

"Kwa nini mimi?"

Akanigeukia kama nimeuliza jambo la kijinga. "Kwa sababu ya ile kadi."

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu kwa miaka kumi. Nilifungua mdomo. Alinitangulia.

"Niliona mwandiko wako. Nikasoma, nikajua Koko amekutuma uniandikie ya harusi, na wewe huwezi kukataa, wewe ni mtoto wa duka. Lakini ukanitafutia njia. Uliandika mtihani halafu ukaufuta. Kwa kidole. Niliona alama ya kidole chako. Nikajua unaniambia: kwako hakuna mtihani, kimbia. Ndiyo nikakuuliza, ni Koko mwenyewe? Ukasema mwenyewe. Halafu ukaangalia chini. Weee! Nikajua huyu analia kwa ndani."

Upepo ulikuwa unavuruga vumbi uwanjani. Binti yake alikuwa anakimbia na wenzake, anapiga kelele kwa furaha.

"Kila asubuhi nakuombea wewe," akasema. "Kabla sijakamua. Nasema, yule aliyenionya, Mungu ampe chochote anachotaka. Miaka yote hii. Hata kabla ya mtoto wangu nakutaja wewe."

"Na Koko?" nikauliza.

Uso wake ukafunga. Sikuwahi kumwona hivyo, hata nyuma ya choo tukiwa na maembe.

"Yule nilisikia alikufa. Sikuenda kaburini, na sitaenda. Baba ningemsamehe, baba alikuwa baba tu. Lakini Koko? Alinishika mkono akaniambia niko na wewe, halafu akaninunulia kadi ya harusi. Kumwombea yule sijawahi, hata siku moja." Akatema mate pembeni, ya dharau, yale mengine. Halafu akanishika mkono, akaubana vile vile. "Si ndivyo? Si ulikuwa unaniokoa?"

Neno moja tu lingemrudishia nyanya yake. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi, na lingeninyang'anya mtu pekee duniani anayeniombea kila asubuhi.

"Ndiyo," nikamwambia.

Binti yake yuko darasani kwangu sasa, dawati la mbele. Ana akili, mwandiko wake unaanza kuota mikia. Kila Ijumaa mama yake ananiletea maziwa kwenye chupa ya plastiki, na tunakaa kwenye ngazi tunacheka. Boma lao la zamani liko kule upande wa Kitengela, nusu saa kwa miguu kutoka barabarani, na najua mahali Koko alipo kwa sababu nimeenda mara tatu kupalilia. Mara ya mwisho nilijaribu kumwombea mimi, kwa niaba ya mjukuu wake. Nilisema maneno yote ya Kimaa niliyokuwa nayo, na hapakuwa na mtu wa kuniitikia.